Vikuku vya Pumzikoni

Shemboza alikuwa amefika katikati ya ungo. Upande wa kushoto ulilala mchele uliokwisha kuchaguliwa, upande wa kulia ule ambao bado, na hapo kati vidole vyake viwili vilisogeza punje chache, vikatoa chuya, vikatoa kijiwe, vikasogeza tena. Hakuwa na haraka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani, na alijifundisha mwenyewe kwa kufungua zile zilizoharibika na kuziangalia mpaka aone zinapoumwa. Mtu aliyezoea kazi kama hiyo hasumbuliwi na ungo wa mchele.

Hatua chache kutoka alipokaa, mwenye nyumba, Bi Mwanahawa, alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi ya nne. Kila alipoinama, kikuku cha shaba kilichokuwa mguuni mwake kilizama katika nyama, na alipoinuka kilibaki palepale kilipozama.

Ndipo Mwanamvua akaingia. Huyu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, naye alikuja kuazima mwiko. Alisimama mlangoni mwa jiko. Macho yake yakaenda kwenye ungo, yakaenda kwenye mikono ya Shemboza, yakarudi kwenye ungo.

"Wifi," alisema taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua, "huyu mgeni anafanya nini?"

"Anachagua mchele."

"Namwona anachagua mchele. Nauliza anafanya nini."

Shemboza akaeleza kwa sauti yake ya chini kwamba vidole vyake vimezoea kazi, na siku tano za kukaa bure zimeanza kuvitia ganzi. Mwanamvua alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yote anayostahili mgeni. Kisha akautanguliza mguu mmoja ili kikuku chake kionekane kilivyokaza, akachukua mwiko, akaaga. Hakusema anakwenda wapi, ila aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

"Amekwenda kwa mkaguzi," alisema Bi Mwanahawa, na akaendelea kukuna.

Nchi hiyo iliitwa Pumzikoni, na watu wake walikuwa wapole, wakarimu, na wenye macho mekundu. Shemboza alifika huko siku ya kwanza ya sikukuu yao, akiwa na mkoba wa vyuma vidogo vya kupimia na daftari moja. Katika daftari hilo, kurasa za kushoto aliandika alichokiona, na za kulia alizitenga kwa ajili ya maoni yake. Mpaka asubuhi ya siku ya sita kurasa za kulia zilikuwa bado nyeupe. Alikuwa amejifunza katika ufundi wake kwamba mara nyingine mizani huonekana imepinda, kumbe iliyopinda ni meza.

Kwenye kurasa za kushoto aliandika hivi. Mara moja kwa mwaka nchi nzima hupumzika siku tisa, na pumziko hilo huitwa Mapumziko Makuu. Zamani kila mtu alipumzika apendavyo, mpaka Baraza la Mapumziko lilipogundua kwamba wako wanaopumzika vibaya na wako wanaosahau kabisa. Baraza likaandika Mwongozo. Mwongozo una kurasa mia tatu na kumi, na kila kaya lazima iwe imeusoma wote kabla ya siku ya kwanza, kwa hiyo majuma matatu kabla ya kupumzika hakuna anayelala akatosheka.

Aliandika kwamba kila nyumba hupokea wageni kila siku, na kila mgeni huandaliwa vyungu tisa. Mgeni haruhusiwi kukataa chungu, wala kusema ameshiba kabla ya chungu cha saba. Papo hapo kila nyumba hudaiwa kwenda kuwa wageni wa ndugu zake wote, katika siku hizohizo tisa. Hivyo wanaume kwa wanawake hupishana njiani wakiwa wameshiba hadi kooni, kila mmoja akiharakisha kwenda kula kwa mwenzake, na wakipishana huambiana kwa pumzi fupi, "Pumzika vyema."

Kazi ya siku haitakiwi kuvuka machweo. Kiporo cha wali kinasamehewa, kiporo cha kazi hakisamehewi. Na ili watu wasichoke, mara tatu kwa siku mpiga mbiu hupita akigonga upatu, na hapo kila mtu, popote alipo, husimama, hufumba macho na kuvuta pumzi saba za utulivu. Katika pumzi ya tatu hivi maziwa huchemka yakamwagika. Shemboza aliandika kwamba harufu ya maziwa yaliyoungua ndiyo harufu ya utulivu katika nchi ile, akaufuta mstari huo, kwa kuwa ulikuwa maoni na uliingia ukurasa usio wake.

Jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa vikuku. Watu wa Pumzikoni waliamini kwamba upendo wa mwenye nyumba hushuka miguuni. Siku ya kwanza kila mama wa nyumba huvikwa kikuku cha shaba, kikiwa kimelegea. Kila siku mkaguzi hupita akijaribu kuingiza kidole chake cha mwisho kati ya kikuku na mguu. Kidole kikiingia, mama huyo anaonywa. Kisipoingia, anapongezwa. Siku ya tisa wote hukusanyika mbele ya Baraza, na wale ambao vikuku vyao haviwezi kutoka mpaka vikatwe kwa tupa hushangiliwa, hubebwa mabegani na kurudishwa makwao, maana wengi hawawezi kutembea. Wale ambao vikuku vyao vinatoka kwa mkono huandikwa katika orodha iitwayo Waliopumzika. Anayeacha kiporo cha kazi huandikwa siku hiyohiyo, bila kungoja ya tisa.

Shemboza, ambaye maisha yake yote aligombana na vipimo visivyolingana, alimuuliza mkaguzi wa mtaa, Bwana Faki, kama wakaguzi wote wana vidole sawa. Faki alikuwa mtu mrefu mwenye uso wa huruma. Alijibu bila kuficha kwamba hawana, na kwamba wenye vidole vinene hupangiwa mitaa ya wakubwa. Shemboza akashukuru, akaandika.

Adhabu ya aliyeandikwa katika orodha ilikuwa nzito kuliko zote zilizojulikana huko. Nyumba yake haikupokea mgeni kwa mwaka mzima.

Mfano ulikuwepo upande wa pili wa uchochoro. Bwana Mzuzuri na mkewe waliandikwa mwaka uliopita. Tangu hapo walionekana wameketi kibarazani kwao wakimenya karanga. Mara nyingine walicheka, na wakicheka, akina mama waliokuwa wakipita na vyungu walitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Watazame," Bi Mwanahawa alimwambia Shemboza siku ya pili, akipepea moto. "Wamenenepa, maskini. Yule mwanamke siku hizi analala mchana. Hana hata presha."

"Na wewe unayo?" Shemboza aliuliza.

Alijibu kwamba anayo, kama kila mtu mwenye heshima. Halafu, kwa kuwa mgeni ni mpita njia na huambiwa mambo ambayo jirani haambiwi, akamwambia na mengine. Mwaka uliopita, siku ya saba, alianguka kati ya chungu cha sita na cha saba. Wageni wakasogea kidogo wasimkanyage, wakaendelea kula, kwani sheria hairuhusu kuacha chungu njiani. Aliinuliwa baada ya cha saba. Tabibu alipomtazama alisema maneno machache tu: moyo wake ukivimbishwa tena vile, hautamvusha sikukuu nyingine.

Shemboza aliuliza kwa nini basi asikubali kuandikwa.

Bi Mwanahawa aliacha kupepea. Alisema mama yake ana miaka themanini na mitatu, anaishi ng'ambo ya vilima vitatu, na hawezi tena kutembea mwendo huo. Mara moja tu kwa mwaka, katika Mapumziko Makuu, Baraza hutoa wachukuzi wa kuwabeba wazee kwenda kwa watoto wao. Mama yake hufika siku ya tisa.

"Nikiandikwa, bibi wa watu atabebwa vilima vitatu, afike pale mlangoni, aulizwe kama ni mgeni, arudishwe. Sitamwona mwaka huu. Na mwakani, fundi, kwa umri ule, nani anajua?" Akaokota upepeo wake. "Bora nivimbe."

 Shemboza alikaa siku tatu nyingine akiandaliwa vyungu tisa kila siku, akivila vyote kwa sababu sheria ilimtaka, na kila chungu alichokimaliza alikiona kikishuka katika mguu wa yule mama. Siku ya sita asubuhi, Bi Mwanahawa alipoweka ungo chini na kushika kiuno, Shemboza aliusogeza ungo mapajani mwake, akaanza kuchagua. Hivyo ndivyo Mwanamvua alivyomkuta.

Mkaguzi Faki alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa anachechemea, na mikanda ya ndala zake alikuwa ameilegeza ili miguu ipate nafasi. Alianza na wajibu wake. Akapiga goti, akakisukuma kidole cha mwisho kwenye kikuku cha Bi Mwanahawa, hakikuingia hata ukucha. Akampongeza. Kisha akamgeukia Shemboza na kumwambia kwa upole kwamba anatakiwa Barazani alasiri hiyo, kwa kosa la mgeni kugusa kazi.

"Samahani kukusumbua wakati wa mapumziko," alisema.

"Hunisumbui," alijibu Shemboza. "Nilikuwa naanza kuzoea kukaa."

Jumba la Baraza lilikuwa kubwa na lenye mito ya kuegemea pande zote. Wajumbe saba walikuwa wamejilaza, maana Mwongozo uliwataka wawe mfano. Hawakuvaa vikuku, kazi yao ikiwa kupumzisha wengine. Pembeni, mbele ya meza ndogo, aliketi mtu mwembamba mwenye wino vidoleni. Huyu ndiye Ngwali, mume wa Bi Mwanahawa, karani wa Baraza. Yeye ndiye aliyenakili sheria zote, na yeye ndiye aliyeandika orodha ya Waliopumzika, kwa mwandiko mzuri ambao watu walikuja kuutazama hata kama hawakumjua aliyeandikwa. Alimwona mgeni wake akiingia na Faki, akainamisha uso kwenye karatasi.

Lakini zamu ya Shemboza ilikuwa bado. Kwanza ilisomwa taarifa ya Tabibu Mkuu, kwamba katika Mapumziko ya mwaka uliopita watu arobaini na mmoja walianguka. Mjumbe mmoja aliuliza walianguka upande gani. Tabibu akajibu kwamba walianguka pande zote. Mjumbe akasema kama ni pande zote basi hakuna cha kuchunguza. Mwingine alihisi kwamba walianguka kwa furaha, akaomba iandikwe hivyo. Wa tatu, aliyeonekana kuwa msomi, alisema tatizo ni pumzi: saba hazitoshi, ziongezwe ziwe tisa. Wa nne akapinga, akisema pumzi tisa zitaunguza vyungu vingi zaidi. Walijadiliana jambo hilo kwa muda mrefu na kwa heshima kubwa. Mwishowe walipitisha pumzi tisa, pamoja na agizo kwamba vyungu visichemke wakati upatu unalia.

Tabibu Mkuu alitaka kusema kitu. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba taarifa yake imekwisha kupokelewa.

Ndipo Faki akasoma shtaka. Mjumbe wa kwanza alisema kosa ni la mwenye nyumba, aliyemwachia mgeni afanye kazi, na akapendekeza mwanamke huyo aandikwe leo hii. Kalamu ya Ngwali ilisimama. Shemboza aliona jasho likimtoka juu ya mdomo.

Yule msomi akainua mkono, akaomba kifungu cha kumi na moja kisomwe. Ngwali akakisoma bila kufungua kitabu, maana alikuwa amekinakili mara nyingi mno: "Mgeni ni yule anayefika, akaketi, akaandaliwa vyungu tisa, wala asiguse kazi yoyote ya nyumba."

"Basi," alisema msomi, "sheria imesema wazi. Mgeni hagusi kazi. Huyu amegusa. Kwa hiyo huyu si mgeni. Na kama si mgeni, hakuna mgeni aliyefanya kazi, na mwenye nyumba hana kosa."

 Mjumbe wa nne akauliza, kama huyu si mgeni, ni nani aliyekula vyungu tisa kwa siku tano. Akajibiwa kwamba alikuwa mgeni mpaka alipougusa ungo. Swali likawa je, ugeni ukishatoka waweza kurudi? Mwenyekiti akaona njia nyepesi ni kumuuliza mwenyewe kama anakusudia kurudia.

Shemboza alifikiri kabla ya kujibu, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Ungo umebaki nusu," alisema. "Nikirudi ningependa kuendelea nao."

Hukumu ilitolewa kwa huzuni. Ugeni wake ulifutwa. Mtu yeyote wa Pumzikoni alikatazwa kumwandalia chungu hata kimoja. Angekula kile watakachokula wenyeji, kwa saa watakayokula, na kama ni kidogo basi ni kidogo. Mjumbe mmoja mzee alifuta machozi. Faki alimshika Shemboza bega hadi nje, akimsihi asikate tamaa.

Ngwali alitoka pamoja nao. Walipokaribia nyumbani akasema kwamba nusura jina la mkewe lipite chini ya kalamu yake, na kwamba hajui kama mkono ungekubali.

Bi Mwanahawa alikuwa jikoni, nazi ya tisa mkononi. Alikwisha kubandika vyungu vitatu. Ngwali akamweleza yote kwa mfululizo, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao, mpaka kuhusu vyungu kutochemka.  Alipofika kwenye hukumu ya Shemboza, mkewe akasema pole, akakiondoa kimoja cha vile vyungu motoni. Kilikuwa cha kwanza katika siku sita kuondolewa kabla hakijaiva. Akakisimamia kidogo, akikitazama.

"Hebu nisomee tena hicho kifungu," alisema.

Ngwali akakisoma tena.

"Wala asiguse kazi yoyote," alirudia Bi Mwanahawa. "Ngwali. Mama yangu tangu umjue, umewahi kumwona amekaa mikono mitupu?"

"Hata siku moja. Mwaka juzi alinishonea vifungo vitatu nikiwa nimelivaa shati."

"Akifika siku ya tisa, mlangoni wakamuuliza kama ni mgeni, yeye akasema, wanangu, mimi nimekuja kuchagua mchele?"

 Ngwali alikuwa mtu wa kunakili sheria, si wa kuzifikiria, na ilimchukua muda kuifuata ile njia mpaka mwisho wake.

"Atakuwa si mgeni," alisema.

"Na nyumba isiyopokea wageni yaweza kumpokea?"

"Hakuna kifungu kinachokataza. Lakini Mwanahawa, ili tusipokee wageni, ni lazima kwanza uandikwe. Dada yangu atasemaje? Watu watapita pale nje wakitutazama kama wanavyowatazama akina Mzuzuri."

"Watatuonea huruma."

"Watatuonea huruma sana."

"Mwaka jana nilipokuwa chini pale," alisema Bi Mwanahawa, akionyesha kwa kidevu mahali pa sakafu penye kivuli cha meza, "watu kumi na wanne walikuwa humu. Wote walinipenda. Nilikuwa naziona ndala zao. Sikumwona hata mmoja akinionea huruma."

Ngwali alipatazama mahali pale. Ndala zake mwenyewe zilikuwa miongoni mwa zile. Alikwenda ndani, akatoka na mto mkubwa wa usufi, ule uliokuwa umetengwa kwa wageni, akauweka sakafuni.

Nje upatu ukalia, na kwa mara ya kwanza mpiga mbiu alitangaza pumzi tisa. Mtaa mzima ukasimama. Kutoka nyumba ya Mwanamvua ilisikika sauti ya kitu kikimwagika motoni. Bi Mwanahawa hakusimama. Alikuwa anajaribu kukaa chini, kazi iliyohitaji mumewe upande mmoja na ukuta upande mwingine. Alipofanikiwa aliinyoosha miguu, akaiweka juu ya mto, akaegemea. Alitoa pumzi moja tu, ndefu, ambayo haikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Shemboza alikuwa amerudi kwenye ungo wake. Alichagua kwa utulivu uleule wa asubuhi, na jua likashuka likafika kwenye kilele cha ukuta wa Mzuzuri.

Faki alikuja kukagua viporo. Safari hii alichechemea miguu yote miwili. Alitazama vyungu viwili motoni, cha tatu sakafuni kikiwa hakijaiva, nazi ya tisa ikiwa imekunwa nusu, ungo ukiwa na mchele wa aina mbili, na mwenye nyumba akiwa chini, miguu juu ya mto. Ilikuwa dhahiri kwamba hajui aanze na kipi.

"Bi Mwanahawa," alisema, "jua linazama na kazi haijaisha."

"Naona, Bwana Faki."

"Mchele huu haujaisha kuchaguliwa."

"Tutaumalizia kesho."

Neno hilo lilikuwa geni masikioni mwa mkaguzi. Katika miaka yote ya kupita majumbani siku za Mapumziko, alisikia watu wakisema sasa hivi, wakisema tayari, wakisema karibu. Hakuna aliyewahi kumwambia kesho. Alimgeukia Ngwali kana kwamba anaomba tafsiri.

"Niandike kiporo?" aliuliza. "Nikiandika, karani, wewe ndiye utakayeinakili orodha asubuhi. Na ukishanakili, ndiyo basi."

Ngwali alimtazama mkewe. Ule mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na kile kikuku kilikuwa kimepotea katika nyama kiasi kwamba kilionekana kama mstari tu uliochorwa.

"Andika," alisema Ngwali.

"Uniandike vizuri," mkewe alimwambia. "Herufi kubwa mwanzoni. Mama akiwa njiani atasomewa hiyo orodha."

Faki akaandika. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kupata maji. Bi Mwanahawa, ambaye siku tano zilizopita angekuwa amekwisha kuinuka na kurudi na sinia, alimwambia maji yako mtungini na kata iko juu yake. Mkaguzi alisita. Kisha akaenda mwenyewe, akachota, akanywa akiwa amesimama, akachota tena. Akauliza amebakiwa na nyumba ngapi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na karatasi. Shemboza akaitazama karatasi na kumwambia kumi na saba.

"Kumi na saba," alisema Faki. Akaitazama miguu yake mwenyewe kwa makini, kama mtu anayekagua ya mwingine, akakisogeza kidole chake cha mwisho kwenye mkanda wa ndala, hakikuingia.  Aliaga, akatoka, na kutoka jikoni walimwona akivuka uchochoro polepole mpaka kibarazani kwa Mzuzuri, ambako hakukuwa na mtu wa kukaguliwa, akaketi. Mke wa Mzuzuri alimsogezea karanga na maganda yake. Faki akachukua moja, akaimenya.

Mwanga ulikuwa umepungua mno kwa kazi ya kutafuta vijiwe. Shemboza alipitisha kidole katikati ya ungo, akautenga ule uliochaguliwa na ule ambao bado, mfereji mwembamba ukabaki kati yake. Alikuwa hajamaliza. Alifunika ungo kwa kawa, akauweka juu ya pipa mahali panya wasipofika, akafungua daftari lake. Upande wa kushoto aliandika mambo ya siku ile. Upande wa kulia aliutazama kwa muda, akaona bado hana hakika, akafunga.

Bi Mwanahawa alikuwa anajaribu kuingiza kidole chini ya kikuku.

"Kimeingia?" Ngwali aliuliza.

"Bado," alisema, akaurudisha mkono kifuani. "Nitajaribu kesho."